Sharti Juu ya Kichwa cha Mtoto

Tangu 2012, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umezifikishia kaya nyingi za Tanzania ruzuku, na sehemu ya ruzuku hiyo ina masharti. Mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 80 ya masomo. Mtoto mchanga apelekwe kliniki. Sharti likivunjwa, pesa hupungua.

Hoja ya wanaotetea masharti ina uzito. Mtoto hana sauti mbele ya mzazi, na sharti humpa binti wakili ndani ya nyumba siku anapoambiwa abaki kuchunga mbuzi. Hilo nalikubali bila kinyongo. Linalonisumbua ni haki ya adhabu yenyewe: anayeahidi ni mama, anayekosa uji ni mtoto. Tangu lini mtu akaadhibiwa kwa ahadi asiyoitoa?

Huko Zomba, Malawi, kati ya 2008 na 2009, watafiti walizipa fedha familia za wasichana, baadhi kwa sharti la shule na nyingine bila sharti lolote. Wenye sharti walihudhuria shule zaidi. Lakini kwa wasio na sharti, mimba na ndoa za mapema zilipungua, na nafuu hiyo ilitoka kwa wasichana walioacha shule. Yaani fedha ilimkinga yule yule ambaye sharti lingemnyima.

Hapo ndipo pa kuamua msaada ni kitu gani. Ukiwa tuzo ya mwenendo mwema, aliyeacha shule hana fungu. Ukiwa haki yake kwa kuwa ni mtoto, basi kuacha shule kunaongeza dai lake. Mimi nasimama na hili la pili. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unamtambulia kila mtoto haki ya maisha yanayomtosha kukua, wala hauulizi daftari la mahudhurio.

Tena sharti hili linafunga upande mmoja. Mama huulizwa kadi ya kliniki. Zahanati isipokuwa na muuguzi, nani anakatwa?

Daftari libaki, ila lifanye kazi nyingine. Mtoto asipoonekana darasani, afisa ustawi wa jamii afike nyumbani kwao akaulize kulikoni, na ruzuku isiguswe hata shilingi.