Ajabu na Mazoea katika Riwaya ya Chuoni

Tam Lin, riwaya ya Pamela Dean iliyochapishwa Marekani mwaka 1991, huainishwa kuwa fantasia, yaani utanzu wa bunilizi unaoruhusu kutukia kwa mambo yasiyowezekana kimaumbile. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kurasa zake inahusu mihadhara, chakula cha bwaloni, michezo ya kuigiza na maongezi ya mabwenini katika chuo cha kubuniwa cha Blackstock, jimboni Minnesota, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mpangilio huo unaibua swali la kifalsafa: je, ajabu imetoweka duniani, au imefunikwa na mazoea?

Mazoea, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni hali ya akili kuacha kuhoji jambo kwa sababu tu limejirudia. Janet Carter, mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza, anaishi katika bweni ambalo mzimu wake hurusha vitabu vikuukuu vya masomo dirishani usiku; wanafunzi huviokota na kulihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya mila za chuo. Vivyo hivyo, vituko vya Profesa Medeous na wafuasi wake katika idara ya Kigiriki na Kilatini hupewa maelezo mepesi, ilhali mwanamke huyo ni malkia wa viumbe wanaokaribiana na majini, na kila baada ya miaka 7 hutoa mtu kafara. Janet amesoma sana, na dalili zote zi mbele yake, lakini elimu yenyewe imemzoesha kupata jibu kabla ya kustaajabu.

Aristotle alishikilia kwamba falsafa huanzia katika kustaajabu. Dean anaongeza sharti la pili, alilolitoa katika wimbo wa masimulizi wa Uskoti ulioipa riwaya jina lake: ili kumwokoa mpenzi wake Thomas asitolewe kafara hiyo, Janet hana budi kumshika bila kumwachia huku Thomas akigeuzwa maumbo ya kutisha mikononi mwake. Kujua, kwa mujibu wa tukio hilo, ni kustaajabu kwanza, kisha kuwa na uthabiti wa kubaki na kile kinachojulikana hata sura yake inapobadilika.

Kwa hiyo, dai kwamba fantasia humtorosha msomaji kutoka katika uhalisia halina mashiko. Riwaya ya namna hii humrudisha humo akiwa macho zaidi, na chuo kinachoichukulia kuwa mchezo wa watoto kinawanyima wanafunzi wake zoezi la kwanza la fikra.