Amri ya Tano na Mapenzi ya Vijana

Ukatili katika mapenzi ya vijana si kipigo peke yake. Ni pamoja na matusi, vitisho, kulazimishana kimwili na kutawalana: kukagua simu ya mwenzako, kumpangia marafiki, kumdai nywila. Jijini Arusha na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, mara nyingi huanza kwa wema. Kijana wa bodaboda humpeleka mwanafunzi shuleni bila nauli, humnunulia chipsi na vocha. Siku binti anapokataa jambo, huambiwa amekula hela za watu. Kofi likifuata huitwa wivu, na wivu huhesabiwa kuwa ushahidi wa mapenzi.

Je, kupenda humpa mtu haki juu ya mwili wa mwingine? Kanisa lingeweza kulijibu swali hilo, maana Ulutheri una mizizi mirefu huku. Kituo cha misheni cha Nkoaranga, kwenye miteremko hiyo ya Meru, kilianzishwa 1902. Vijana wengi hupitia darasa la kipaimara, wakijifunza Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Kwa kawaida habari za mapenzi hufundishwa chini ya amri ya sita, inayokataza uzinzi. Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Binti aliyepigwa hawezi kumweleza mwinjilisti, wala mama yake, bila kwanza kukiri kwamba ana mpenzi. Swali la kwanza litakuwa, “Ulifuata nini kwake?” Basi hunyamaza, na aliyempiga hustarehe.

Lakini amri ya tano, inayokataza kuua, imetangulia. Luther hakuishia kwenye kuua: alifundisha kwamba amri hiyo inakataza kumdhuru jirani mwilini, na inaagiza kumsaidia anapohitaji. Mpenzi ni jirani kabla ya kuwa mpenzi. Hata kama amevunja amri ya sita, ulinzi wa amri ya tano haujamwondokea.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba kuwafundisha vijana uhusiano wenye heshima ni kuwaruhusu uhuni. Hofu hiyo ina msingi, maana mimba imekatisha masomo ya mabinti wengi. Hata hivyo, kimya hakijawazuia vijana kupendana. Kimewanyima tu mtu wa kumkimbilia.

Hata sheria ya nchi inakataza kipigo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu. Ikiwa mume aliyetoa mahari hana haki hiyo, aliyenunua chipsi ameipata wapi? Walakini, katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16, asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikubali kwamba mume anaweza kuwa na sababu halali ya kumpiga mkewe. Watoto hulisikia hilo nyumbani kabla hawajafika kwenye kipaimara.

Kwa hiyo somo la amri ya tano lingepaswa kutaja mambo haya waziwazi: kwamba zawadi si deni, kwamba kukataa hakuhitaji maelezo, kwamba kuachana si kosa la kuadhibiwa. Lingetaja pia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ambayo mtoto hupiga bila malipo.