Demo, Riziki na Hukumu

Mwanamuziki anapopeleka demo kwenye lebo huwa amebeba maombi mawili. Moja ni la riziki: nipeni mkataba, nilipieni studio, isambazeni kazi yangu. La pili halitamkwi, nalo ndilo zito: niambieni kama nina kipaji. Lebo hulijibu la kwanza tu, tena mara nyingi kwa kunyamaza, na mwenye demo akaupokea ukimya huo kama hukumu ya la pili. Sura ya Al-Fajr inamtaja mtu wa namna hii: akineemeshwa husema Mola kamtukuza, akibaniwa riziki husema kamdhalilisha. Anakanushwa kotekote. Rafiki zake Ayubu nao waliisoma hasara yake kama hukumu, na mwishoni waliokemewa ni wao.

Kisa cha lebo ya Decca kinafaa kusomwa kwa jicho hilo. Tarehe 1 Januari 1962 Beatles walirekodi nyimbo 15 za majaribio katika studio za kampuni hiyo jijini London. Tatu tu zilikuwa utunzi wa Lennon na McCartney. Decca ikawaacha, ikachukua Brian Poole and the Tremeloes. Watu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, wakisahau kwamba mwaka 1963 hao Tremeloes walishika namba moja Uingereza. Kwa hesabu ya duka, haukuwa wazimu. Miezi michache baadaye George Martin wa lebo ya Parlophone aliwachukua Beatles. Kama kila jibu lilikuwa hukumu ya kipaji, basi kipaji hicho kiliota ghafla kati ya ofisi moja na nyingine.

Itasemwa kwamba Decca ilikosea tu, na hakimu anayekosea bado ni hakimu. Sawa, lakini hakimu hukosea katika shauri lililo mbele yake. Kadhi wa mirathi halaumiwi kwa kutojua tiba. Decca iliamua shauri la soko. Kama ilikosea, ilikosea soko. Hata kukubaliwa kuna mpaka huohuo: mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, Unguja ilikuwa imeshamsikia. Santuri ilimfikisha mbali, lakini sauti alikwenda nayo.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba hoja hii itamlevya asiyejua kuimba; kila aliyekataliwa atajiita Beatles. Hapana. Kukataliwa hakuthibitishi ubovu, wala hakuthibitishi ubora, na tepu za walioachwa kwa haki hazina msimuliaji. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo masikio ya wengine yanahitajika: mpiga besi asiyeogopa kukuudhi, wachezaji wanaoinuka au wanaobaki vitini. (Idadi ya wasikilizaji mtandaoni, nijuavyo mimi, ni lebo nyingine iliyovaa kanzu mpya.) Huyo mpiga besi hana mkataba wa kutoa. Anachoweza kukwambia ni kwamba kwenye ubeti wa pili sauti imeshuka, na hilo hata barua ya kukubaliwa haikwambii.