Tunamdai Nini Anayeachwa Mlimani?
Wapo waendesha baiskeli wanaosema: anayeachwa ajilaumu, kundi si daladala. Mimi nabisha, na sababu yangu ni upepo. Kwenye tambarare, ukimfuata mwenzako kwa karibu unaweza kuokoa hadi theluthi ya nguvu zako. Yeye ndiye anaukata upepo, wewe unateleza tu. Ndiyo maana watu hupokezana mbele.

Mlimani mambo hugeuka. Kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, au Uyole kuelekea Tukuyu, mwendo unashuka na mgongo wa mtu haukukingi sana. Kila mmoja anabeba kilo zake. Hapo yule mwenye mwili mkubwa, aliyetuvuta tambarare nzima, ndiye anaachwa. Tunasema hana mazoezi! Wakati walio kileleni wamefika na akiba aliyowawekea yeye. Kumsubiri ni kulipa deni.

Aliyejificha nyuma njia nzima akikwepa zamu, jamani, akiachwa sina neno. Ila mgeni aliyeanza juzi, asiyeweza hata hiyo zamu? Huyo hatudai chochote, na bado miguu yangu inaacha kukanyaga. Hapo hesabu yangu ya madeni inakwama.