Chumvi ya Jua na Bahari ni Mali ya Nani?

Sisi wa bara tunanunua chumvi kwa kopo sokoni bila kuuliza imetoka wapi. Leo tunauliza: chumvi iliyokaushwa na jua ni mali ya nani?

Kazi yenyewe ni hii. Katika litri moja ya maji ya bahari mna karibu gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali. Watu wa pwani wanachimba mabwawa ya kina kifupi, wanayajaza maji ya bahari, kisha wanayafunga. Jua na upepo vinakausha maji pole pole, nao wanayahamisha toka bwawa hili mpaka lile. Chokaa na jasi zinatua chini kwanza. Maji yakibaki karibu sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi ya kula inaanza kuganda. Hapo fundi asilale: maji machungu yanayobaki lazima yaondolewe, ama chumvi itaharibika.

Fundi huyo hakuumba kitu, lakini hakukaa bure. Mabwawa ni jasho lake. Mtu akimnyang'anya gunia kwa kusema jua ni la wote, huyo ni mwizi tu. Lakini serkali inayomkataza maskini kuokota ile iliyojikausha yenyewe kando ya bahari, tuiite nini?

Jambo hilo lilitokea India chini ya Waingereza. Sheria ya 1882 iliweka kazi ya kufanya na kuuza chumvi mikononi mwa serkali, na ushuru juu yake. Ushuru wa namna hiyo unamlemea maskini, kwa maana tajiri hana matumbo mawili ya kulia chumvi. Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi aliondoka na wafuasi 78, wakatembea kwa miguu karibu kilometa 385, na tarehe 6 Aprili akaokota chumvi huko Dandi, pwani ya Gujarat.

Wengine watasema: Paulo aliwaandikia Warumi watii mamlaka. Ni kweli, na anayepitisha magendo usiku asijifiche nyuma ya Gandhi. Lakini Petro na Yohana nao walikatazwa na baraza, wasikubali kunyamaza. Tutazame basi namna ya kuvunja sheria. Kabla ya kuondoka, Gandhi alimwandikia barua Lord Irwin, mkubwa wa serkali, akamweleza atakalofanya. Mwizi haandiki barua. Alipokamatwa mwezi wa Mei hakukimbia.

Kwa Dandi hatuna shaka. Dharasana ndiko tunakosita. Tarehe 21 Mei wenzake walikwenda kwenye mabwawa ya serkali huko. Polisi wakawapiga kwa fimbo, safu kwa safu, wala hawakuinua mkono. Uvumilivu wao tunaustahi. Lakini chumvi ile haikuwa ya kuokota tu, ilikuwa na jasho la mtu. La nani? Si la serkali. Ni la vibarua waliochimba, na hao hakuna upande uliowauliza.

Machi 1931 Gandhi na Irwin walipatana: wanavijiji wa mahali penye chumvi wakaruhusiwa kuiokota ama kuifanya kwa chakula cha nyumbani, na kuiuza ndani ya vijiji vyao, si nje. Ushuru wenyewe ulibaki.