Nehemia Alikasirika, Kisha Akajiuliza

Ujumbe wa Jumapili
Andiko: Nehemia 5:1-13

Wale mliokuwa ibadani mliona nikihubiri kwa uzito, na wengine mkanifuata baadaye kuniuliza, "Pasta, uko sawa?" Niko sawa. Lakini ujumbe huu ulinihubiria mimi kwanza kabla ya kuwafikia ninyi, na ninauandika hapa jinsi ulivyonipata.

Tuanze na hasira, kwa sababu hasira iko. Tusidanganyane. Ukipanda matatu hapa Kangemi asubuhi ukielekea mjini, ukifika karibu na James Gichuru unaiona ile barabara ya juu, ya kulipia. Kilomita 27 mpaka Mlolongo, na ilifunguliwa 2022. Mwenye pesa anapanda juu, anapita. Wewe unabaki chini kwenye foleni ya Westlands, umebana begi kifuani, unapiga hesabu: nauli, unga, karo, ile Fuliza ya jana ambayo italipwa mara tu pesa ikiingia. Unatazama juu. Kuna neno unalisema moyoni, na Mungu analisikia.

Halafu kuna Juni. Juni 25, 2024 vijana wetu waliingia mjini kupinga Mswada wa Fedha. Bunge likaupitisha siku hiyo hiyo, vijana wakaingia mpaka ndani ya Bunge, risasi zikapigwa. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliokufa kufikia Julai 1. Mwaka uliofuata, Juni 25, 2025, watu wakarudi barabarani kuwakumbuka, na wengine tena wakafa. Siku hiyo maduka mengi katikati ya jiji yalivunjwa na kuporwa. Siku chache baadaye, Saba Saba, risasi zilipigwa hata hapa kwetu Kangemi. Watoto walilala chini ya vitanda.

Sasa fungua Nehemia 5. Unaweza kudhani imeandikwa Nairobi. Watu wanalia, na Biblia inasema hata wake zao walilia pamoja nao. Hakuna nafaka ya kutosha. Wameweka mashamba na nyumba rehani ili wale. Wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme. Watoto wao wanatolewa kuwa watumwa kwa sababu ya madeni. Na haya yote yanatokea wakati wanajenga ukuta, adui Sanbalati akiwa nje anawatishia.

Lakini angalia mstari wa kwanza vizuri. Kilio hiki hakikuwa juu ya Sanbalati. Kilikuwa juu ya ndugu zao Wayahudi. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nehemia aliposikia, alikasirika sana. Mstari wa 6. Hakuna mahali Mungu anamkemea kwa hasira hiyo. Mtu akikuambia Mkristo hatakiwi kukasirika mtoto wa mwenzake anapopigwa risasi, mpeleke Nehemia 5:6. Hasira yake ilikuwa halali.

Tatizo langu lilianza mstari wa 7. Kabla ya kuwakemea wakubwa, kabla ya kuitisha mkutano, Nehemia alishauriana na nafsi yake. Alikaa chini na moyo wake mwenyewe. Mimi mstari huo nimeusoma miaka mingi nikiruka sehemu hiyo, nakimbilia pale anapowakemea wakubwa, maana hapo ndipo kanisa linapiga makofi.

Wacha nieleze kilichonipata. Wengi wenu mnajua nina vyumba vinne vya kupangisha. Nilivijenga kwa mkopo wa sako na mkopo huo bado naulipa. Katika chumba kimoja alikaa mama mmoja na mtoto wake. Aliuza viatu mjini, katika yale maduka madogo madogo yaliyogawanywa kwa mbao, mtu na kabati lake. Juni 25 mwaka wa 2025 walivunja, wakabeba kila kitu. Hakubaki hata na pea moja. Alikuja kwangu akaniambia, "Pasta, kodi ya mwezi huu naomba univumilie."

Kodi yenyewe ilikuwa shilingi 6,000. Nilimwambia tutaona.

Ni lazima niseme pia kilichokuwa moyoni, maana dhambi yenyewe iko hapo. Mimi na mama huyu si kabila moja. Mwaka wa 2022 hatukupiga kura upande mmoja, na tulishabishana pale kwenye lango la ploti, kwa kicheko, lakini mnajua kicheko cha namna hiyo. Niliposikia ameporwa, mdomo wangu ulisema "pole sana, Mungu atakurudishia." Ndani yangu sauti ikasema: wao ndio walituletea haya, wacha waonje. Sikuikemea sauti hiyo. Niliikaribisha, nikaipa kiti.

Tarehe tano ikapita, tarehe kumi ikapita. Kijana anayenisaidia kukusanya kodi akanipigia: "Pasta, na huyu?" Nikamwambia, "Fanya kama kwa wengine." Mnajua maana yake. Jumamosi akaweka kufuli.

Jumapili nikasimama hapa mbele yenu nikahubiri juu ya kodi. Mlisimama! Nikasema serikali inamkamua mnyonge, nikasema Mungu anasikia kilio cha anayetozwa kuliko uwezo wake. Mkajibu Amina, na mimi nikajisikia kama Eliya. Kiswahili chetu hutumia neno hilo moja, kodi, kwa ile ya mfalme na kwa ile ya mwenye nyumba. Nilikuwa na hiyo ya mfalme mdomoni, na funguo za hiyo nyingine mfukoni mwa koti.

Jumanne usiku nikakaa kuandaa somo la katikati ya wiki. Nikafika mstari wa 10. Hapo Nehemia anawaambia wakubwa kwamba hata yeye, na ndugu zake, na watumishi wake, wamekuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Na anasema tuache jambo hili. Hasemi "acheni." Anajihesabu ndani. Yule mtu aliyejiuliza katika mstari wa 7, jibu alilolipata ndilo hili.

Nilifunga Biblia. Nilitembea usiku huo mpaka kwenye ploti, nikafungua lile kufuli. Chumba kilikuwa kitupu cha watu. Mama alikuwa ameenda Uthiru kwa dada yake, na mtoto alikuwa ameenda shule siku mbili na sare ile ile ya Ijumaa.

Kesho yake alikuja. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya kufuli, kisha nikamweleza na ile nyingine, ile ya "wacha waonje." Hiyo hakuwa anaijua. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Pasta, kufuli umetoa, asante. Lakini mtoto wangu aliniuliza kama huyu ndiye yule anayetuombea."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilimfutia kodi ya mwezi ule. Mwisho wa mwezi alihama, nikamrudishia pesa yake ya rehani yote. Anaendelea vizuri, viatu ameanza tena kidogo kidogo, na amenipa ruhusa nisimulie habari hii. Alisema, "Simulia, labda kuna mwingine ana kufuli."

Kuna mwingine ana kufuli? Usimtazame jirani yako, jitazame.

Wapendwa, kanisa la Kenya lina historia na jambo hili. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu walikimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la Kipentekoste kama letu, wengi wao wanawake na watoto. Likachomwa wakiwa ndani. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima katika miezi ile. Na mwezi wa Februari mwaka huo, viongozi wa Baraza la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba walishindwa kusimama kwa sababu nao walikuwa na upande. Walikiri baada ya watu kuzikwa. Ninawaheshimu kwa kukiri. Lakini ninamwomba Mungu atupe neema ya kukiri mapema, wakati dhambi bado ni neno dogo la langoni, bado ni ujumbe tu wa WhatsApp, kabla haijashika kiberiti.

Sasa kuna mtu ananiuliza, "Kwa hiyo Pasta unatuambia tunyamaze? Tujichunguze wenyewe, wakubwa waendelee kula?" Hapana! Swali hilo ni zuri, maana kuna wahubiri wanaotumia neno "toba" kama kizibo cha kufunga mdomo wa maskini. Nehemia hakunyamaza. Baada ya kujiuliza aliwakemea wakubwa na maofisa uso kwa uso, akaitisha mkutano mkubwa, akadai mashamba na nyumba zirudishwe siku ile ile, akawaapisha mbele ya makuhani. Wakubwa walikosa la kusema. Kwa nini? Ninaamini ni kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia, "Na wewe je?" Alikuwa ameshajiambia mwenyewe. Mwenye kufuli mkononi anaweza kupiga kelele dhidi ya ushuru mpaka asubuhi, na mkubwa atamcheka tu, maana anamjua ni mwenzake, tofauti ni kiasi cha pesa.

Kwa hiyo kasirika kama Nehemia, halafu kaa chini na moyo wako kama Nehemia, halafu simama useme kama Nehemia. Usiruke ile ya katikati.

Wiki hii, kabla ya Jumapili, nakuomba utenge saa moja. Zima simu. Jiulize mbele za Mungu:

1. Ni nani ananidai na ninamzungusha? Mama mboga? Msaidizi wa nyumbani ambaye mshahara wake unasubiri mpaka wangu "ukae vizuri"? Fundi niliyemwambia "kesho" mara tano? Sisi tunaovuka kwenda kufanya kazi Lavington na Loresho tunajua uchungu wa kucheleweshewa mshahara. Je, na sisi tunamcheleweshea nani?

2. Je, nina kitu nyumbani ambacho hakikununuliwa kihalali? Ile simu uliyouziwa bei ya kutupa mwezi wa Juni, ukaambiwa usiulize risiti, kuna mtu analia kwa sababu yake. Anaweza kuwa mama aliyekuwa anauza viatu.

3. Nikisikia jina la pili la mtu, kitu gani kinatokea ndani yangu? Nikipangisha chumba, nikiajiri, nikichagua mweka hazina wa chama, je, jina hilo linapiga kura?

4. Ni jirani gani nilimfurahia alipoumia? Hili la mwisho ndilo lilinishika mimi. Dhambi hii haionekani. Unaweza kuwa nayo na bado ukanena kwa lugha, ukafunga siku tatu, ukaongoza sifa.

Ukipata jibu, fanya mstari wa 11. Nehemia alisema warudishe siku ile ile. Hakusema mwisho wa mwezi. Tuma ile pesa, hata nusu yake. Rudisha kile kitu, na kama unaogopa kukirudisha peke yako, njoo, tutaenda pamoja. Piga simu ile moja unayoiogopa. Na ukiombwa msamaha na mtu, usiharakishe kusema "hakuna shida" kama kuna shida. Mama yule hakuniambia hakuna shida, na alinisaidia zaidi kwa kuniambia ukweli.

Najua wengine wetu hatuna cha kurudisha, sisi ndio tunaodaiwa, sisi ndio tumefungiwa mlango. Kama ni wewe, usibebe aibu ambayo si yako. Kilio chako kiko katika Biblia, mstari wa kwanza mpaka wa tano, na Mungu alihakikisha kimeandikwa kabla ya jambo lingine lolote katika sura hiyo. Niambie, au mwambie mzee wa kanisa. Sanduku la wahitaji lipo na tuko tayari.

Tuombe. Baba, wewe unajua hasira tuliyo nayo na unajua ni nani ameileta. Usituondolee njaa ya haki. Lakini kabla hatujafungua midomo yetu juu ya wakubwa, tuonyeshe funguo zilizo mifukoni mwetu. Wafariji waliozika watoto wao. Wape walioporwa mwanzo mpya. Na watoto wetu wakiuliza ni nani anayewaombea, wasione aibu kwa jibu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani Jumatano: someni Nehemia 5:1-13 kwa sauti, mtu mmoja hadi mwingine. Kisha nyamazeni dakika tano kabla ya yeyote kuongea. Baada ya hapo, mwenye nyumba ya mkutano aanze, na aanze na mstari wa 10.