Tukishamwombea, Tumemaliza?

Andiko la wiki: Luka 10:30–37



Ndugu mmoja anayebeba magunia kwenye magodauni ya hapa Shimanzi alikuja mbele kuombewa. Akaninong'oneza tu, "Pasta, ni tumbo." Nikamwekea mkono, nikamwambia aongeze imani. Jumatatu akarudi kubeba. Baadaye ndio nikajua ana ngiri, anaificha kwa aibu.

Nimejiuliza: nilimwombea, ama nilimfukuza kwa maneno matamu?

Ngiri ni uwazi kwenye ukuta wa tumbo, utumbo unachomoza hapo. Kwa mtu mzima haizibwi na vidonge, ni upasuaji. Utumbo ukinaswa ukakosa damu, mtu anaweza kufa. Na kuna ngiri adimu zinazojificha kati ya tabaka za misuli, huoni uvimbe mpaka mtu apigwe picha. Basi usimwite mwenzako mvivu kwa sababu huoni kidonda.

Siku hizi kuna upasuaji wa roboti. Daktari anakaa kando kwenye mashine, anaongoza mikono ya chuma inayopita matundu madogo. Akili hiyo imetoka kwa Mungu, siipingi. Lakini mimi nilisoma biashara, na huko tunauliza: gharama ni ngapi, na nani anafaidika? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo kutoka mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walipasuliwa. Wengine wakawekewa wavu ghali wa hospitali, wengine wavu wa kitambaa cha chandarua uliotakaswa viini. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu wa kundi la chandarua, na kundi lile lingine hakuna.

Kwa hivyo kinachomzuia ndugu yetu si kukosa roboti. Ni aibu, na zile wiki za kupona bila kibarua, watoto wanataka kula.

Yule Msamaria hakupima imani ya majeruhi. Alimfunga vidonda, akampandisha kwa mnyama wake, akalipa dinari mbili, na akakubali kudaiwa zaidi. Mimi bado naamini Mungu anaponya hapo madhabahuni. Lakini nikiomba halafu nifunge mkono, nimepita kando kama yule kuhani.

Wiki hii, mwenye maumivu asijifiche. Aje, twende naye hospitali, tuangalie SHA yake kama iko sawa. Na sisi wengine tuulizane: akilala kitandani, unga wa nyumbani kwake utatoka kwa nani?

Mungu awabariki.